Kuku Aliyeshonwa

Michoro yangu yote ya mwanzo imefuliwa, na ndivyo ilivyotakiwa iwe. Nilijifunza kuchora kwenye kofia, na mchoro wa kofia haukai. Unachora kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, mshonaji anapita juu ya mistari yako kwa sindano na uzi mweupe, na siku kofia inapokwisha inatiwa kwenye maji na sabuni, inasuguliwa, inatiwa wanga, kisha inavikwa juu ya sufuria iliyogeuzwa ili ikauke na umbo lake. Penseli imekwenda na maji. Aliyeivaa hiyo kofia kwenda nayo msikitini hana habari kwamba kuna mtu alichora.

Kwetu Kiuyu, kisiwani Pemba, wanawake wengi wanashona kofia. Wanalima asubuhi, wanapika, na ikifika alasiri wanatoa vitambaa vyao wanakaa navyo uwani. Kofia moja ya viua, yaani ile yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, humchukua mama yangu hata miezi miwili, maana anaishona baina ya shughuli nyingine zote. Mshonaji anayejua kuchora ni nadra. Kwa hiyo kofia huwa kazi ya watu wawili, na mchoraji mzuri hugombaniwa.

Mimi nilikuwa mchoraji mzuri. Hilo nililijua tangu nina miaka tisa.

Ilianza hivi. Bibi mmoja aliyekuwa akiwachorea wanawake wa mtaa wetu alihamia Unguja kwa mwanawe, na mama akabaki na kitambaa kitupu mkononi. Alikitia ndani ya kibati cha maziwa anachowekea nyuzi, akawa anakitazama kila siku na kukirudisha. Siku moja nikakichukua. Nilitumia gilasi ya chai kwa duara kubwa na kifuniko cha chupa kwa duara dogo, nikachora miezi, maua na vishada vya karafuu, ulimi nje, kitambaa kimetandikwa juu ya ubao wangu wa skuli. Nilipomaliza nikampelekea. Aliushika muda mrefu ule mchoro. Akaugeuza huku na huku.

"Haya," akasema, akatunga uzi.

Baada ya miezi miwili kofia ilitoka kwenye wanga nyeupe pe, kila ua mahali pake, miezi imefuatana kuzunguka kichwa bila ya mmoja kumpita mwenziwe. Sikuamini kwamba mkono wangu ndio uliofanya vile. Niliichukua nikazunguka nayo nyumba kwa nyumba: "Nimechora mimi." Wanawake waliipokea, wakaigeuza, wakasema mashaallah. Mwaka haukwisha, wakaanza kuniletea vitambaa vyao. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilikuwa nawaambia watu wazima wasubiri mpaka nimalize mitihani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi la kutia maji sikulitia, lakini kuringa niliringa.

Basi haikuwashangaza watu niliposema nataka kusomea uchoraji wa vitabu. Kilichowashangaza ni mambo mawili. Kwanza, kwamba kitu hicho kinasomewa. Pili, neno lenyewe chuo. Kwetu chuo ni pale mtoto anapokwenda kusomeshwa Kurani, na jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mtani kupita kiasi, alikuwa akinikuta na begi langu la safari anauliza kwa sauti watu wote wasikie: "Mtu mzima kama weye, hujahitimu chuo tu? Juzuu ya ngapi hiyo?" Nilikuwa nacheka. Nilikuwa na kiburi cha kutosha cha kuniwezesha kucheka.

Mwaka wa mwisho wa chuo, huko Unguja, tulitakiwa kila mmoja atoe kitabu kimoja cha watoto, picha kumi na mbili, hadithi achague mwenyewe. Hadithi yangu ilikuwa ya msichana anayemtafuta kuku wa bibi yake siku nzima, na siku nzima kuku yuko nyuma yake. Nilidhani nitaimaliza nimelala. Nikachora, nikapeleka.

Mwalimu wetu ni mtu mpole, hapandishi sauti. Alizipanga picha zangu mezani, akazunguka meza mara mbili, halafu akaweka kidole juu ya kuku.

"Huyu kuku ameshonwa," akasema. "Hakuchorwa."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Akanifafanulia. Kila mstari wangu unaanzia mahali na kurudi palepale. Mbawa zimefungwa, kichwa kimefungwa, hata vumbi analoparua kuku limezungushiwa mstari. Upande wa kulia wa kila picha ni sawasawa na wa kushoto. "Kazi safi," akasema, "lakini hakuna kinachotikisika hapa. Rudia." Nikarudia. Mara ya pili hakuzunguka meza. Alizitazama amesimama, akazikusanya, akanirudishia mkononi. "Ni zilezile, ila umezidi kuzisafisha." Za tatu tulitakiwa tuzilete baada ya likizo, na aliyekosa mara ya tatu anarudia mwaka.

Kurudia mwaka kunaudhi, lakini hakuui mtu. Kilichoniumiza kilikuwa kingine. Katika maisha yangu nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho sikukitilia shaka hata siku moja, nacho ni mkono wangu. Sikuwa mzuri wa hesabu, sikuwa mwepesi wa kusema mbele za watu, mapishi yangu yanajulikana. Lakini mkono! Mkono ulisifiwa na mtaa mzima tangu sijapoteza meno yote ya utotoni. Sasa kama mwalimu yule alikuwa na haki, mimi nilikuwa nani? Ndani ya boti ya kurudi Pemba niliamua, nimejifunika uso kwa mtandio kama mtu mwenye kichefuchefu: zikitoka mbovu tena, sirudi Unguja. Nitakaa nyumbani nishone.

Nilimkuta mama uwani juu ya mkeka, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza boti ilikuwaje, nikamwambia nzuri, na kwamba nina picha za kuku za kurudia. Ile kofia aliyokuwa akiishona nilimchorea mimi likizo iliyopita, kazi ya vishada vya karafuu kuzunguka ukanda wote. Ilikuwa bado haijafuliwa, nusu yake uzi na nusu yake penseli. Niliichukua niione, nikitarajia kidogo kufarijika.

Uzi haukuwa juu ya mstari wangu. Mwanzo nilidhani kitambaa kimejivuta. Nikakisogeza kwenye mwanga. Kishada cha kwanza, penseli imekunja kushoto, uzi umekwenda mbele kidogo kisha ndio ukakunja. Kishada cha pili, jani zima nililolichora limebaki penseli tupu, halikuguswa, na jingine ambalo sikulichora limeshonwa pembeni yake. Baina ya penseli na uzi palikuwa na nafasi ya punje ya mchele, pengine zaidi. Nilimtazama mama. Alikuwa akitafuta mkasi wake chini ya paja.

Nikajiambia: mama haoni.

Siku mbili nzima nilimpima bila ya yeye kujua, au ndivyo nilivyodhani. Nilimletea mchele niliokwisha kuuchambua nikamwambia autazame. Akatoa mawe matatu. Nilimpa sindano nikajifanya imenishinda. Aliitunga mara moja, huku ananitazama mimi na kuniuliza nimekula nini huko Unguja hata nikakonda. Jioni tumekaa, akanyanyua kidevu: "Mtoe kuku yule kwenye mchicha." Nilitazama kwenye mchicha sikuona kuku. Nilipokwenda nikamkuta, yuko kati kabisa ya matuta, kajiinamia. Yote hayo hayakunitoa shaka. Nilijiambia kwamba macho ya mbali ni mengine na ya karibu ni mengine, na kwamba watu wakianza kupofuka hujua kujificha. Mama yangu ana miaka arubaini na moja. Nilikuwa nishamfanya kikongwe.

Siku ya tatu nikamdanganya kwamba tunakwenda mjini Wete kununua uzi. Uzi tulinunua, kisha nikampeleka hospitali, chumba cha macho. Alipokiona kibao cha mlangoni alisimama. Mama yangu hagombi hadharani. Alinitazama tu, akavuta buibui lake. "Haya, tushafika. Natupimwe."

Mhudumu alikuwa kijana mwenye adabu. Alimkalisha mbali na ubao, ule wenye alama zilizogeuzwa huku na huku, akamwomba aoneshe kwa mkono kila alama inaelekea wapi. Mama alionesha. Safu baada ya safu, mkono unakwenda juu, chini, kulia, kushoto, mpaka safu ya mwisho ambayo mimi niliyekaa nyuma yake ilikuwa inanipa taabu. Akapewa karatasi yenye maandishi madogo, akaisoma yote, kituo kwa kituo.

"Mama, macho yako mazima," yule kijana akasema. "Wenzako umri huu washaanza kusogeza karatasi mbali. Nani alokwambia huoni?"

Mama akaninyooshea kidevu. "Huyo. Msomi."

Tulikaa kwenye kibaraza nje ya hospitali, tukanunua muhogo wa kukaanga na pilipili. Alikuwa hajakasirika tena. Nadhani alikuwa anaona raha kwa siri, maana nani hapendi kuambiwa kwamba ni mzima. Mimi ndiye niliyekuwa sitafuni.

"Mama, kama unaona, mbona hufuati mstari?"

"Mstari upi?"

"Wangu. Kwenye kofia."

Akachovya muhogo kwenye pilipili. "Naufuata. Pale ulipo sawa naufuata."

"Na pale usipokuwa sawa?"

"Pale n'nashona kofia."

Nililipima hilo jibu. Kisha nikauliza kitu ambacho mpaka leo sijui kwa nini nilikiuliza, maana nilikuwa nishahisi jibu lake. "Tangu lini?"

"Tangu ile ya mwanzo," akasema, bila ya uzito wowote. Akaanza kucheka. "Eh, ile ya mwanzo! Maua ya upande huu matano, ya upande huu saba. Mwezi mmoja kalala chali, mmoja kasimama kama anaswali. Nkasema hii mtu akiivaa watamuuliza kagombana na nani. Nkawa nashona weye ukiwa skuli. Nkaifua mwenyewe, na zote zilofuata vivyo hivyo, mpaka hii ulonikuta nayo. Kalamu ikenda na maji, nani angeona?"

"Na majirani?"

Hapo alifuta vidole kwanza. "Nao vilevile. Kila mtu ana mkono wake. Ule mchoro wako wa nyota, jirani yetu aliuacha wote, kashona nyota zake."

Watu walikuwa wanaingia na kutoka hospitalini. Miaka kumi na mitatu! Zile mashaallah zote, ule mzunguko wa nyumba kwa nyumba na kofia mkononi, nasema nimechora mimi, na kila mwanamke aliyeipokea akiujua mkono wa mama.

"Ungenambia," nilisema.

"Ungeacha."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, mama."

"Nami ndo n'naelia?" akasema kwa upole. "Weye ndo unaelia."

Kweli nilikuwa nalia, mbele ya hospitali, mchana, na muhogo mkononi.

Siku zilizofuata nilikuwa namjibu mama kwa neno mojamoja. Nikiulizwa ningesema nina hasira. Ilikuwa aibu, na nilimchukia kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Sikugusa penseli. Nilifagia uwanja mpaka ukabaki udongo mwekundu mtupu. Baba, ambaye hupenda kukaa mbali na mambo ya uzi, aliuliza mara moja tu kama kuna mgeni anakuja.

Mwisho nilikwenda kwa jirani yule mtani. Sikwenda kwa wema. Nilitaka akane, au nimwone uso wake akishindwa kukana. Nilimkuta anashona. Nikamuuliza moja kwa moja kama ni kweli zile nyota zangu aliziacha.

"Zote," akasema. "Kwani weye ulidhani twaifuata kalamu kama ng'ombe afuatavyo kamba?"

"Sasa mlikuwa mnaniletea vitambaa vya nini?"

Alitua sindano. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila ya utani usoni. "Mwanangu, kitambaa kitupu chantisha. Nikikishika sijui nianzie wapi. Nikiona mtu keshapita, hata kama kapita ovyo, najua pa kwenda na pa kutokwenda. Nani mwengine alokuwa akipita pale kwanza? Weye. Mtoto mdogo, huna khofu." Kisha utani ukamrudia. "Ila huyo kuku wako wa chuo nilomsikia kwa mamako, muangalie. Wachora viumbe siku ya kiama huambiwa wavitie roho, nawe utaambiwa umtie."

Nilirudi nyumbani nikiwa sijafurahi, lakini nikiwa na kitu cha kufikiri. Nikamwomba mama ile kofia ambayo haijafuliwa. Alinipa bila ya kuuliza. Nikaweka karatasi nyembamba juu yake, nikanakili uzi peke yake, nikaacha penseli. Kisha nikanakili penseli yangu peke yake kwenye karatasi nyingine, nikazilaza mbili pamoja.

Ni vigumu kueleza jinsi ilivyoniuma na ilivyonifurahisha kwa pamoja. Karatasi ya penseli ilikuwa kazi ya mtu mwangalifu. Vishada vyote vilikuwa kimoja. Karatasi ya uzi ilikuwa na vishada kumi na sita na kila kimoja kimekaa kivyake: hiki kimeinama kumpisha mwenziwe, hiki jani lake limefupishwa kwa kuwa mshono wa kitambaa uko karibu, hiki kimeachwa wazi kwa juu kwa sababu palikuwa pameshajaa. Mama hakuwa anasahihisha tu. Alikuwa anatazama kila mara aliposhuka na sindano.

Nikaelewa pia kwa nini kila mstari wangu unafungwa. Tangu utotoni nilikuwa nafikiri kwamba nikiuacha mstari wazi, mshonaji atakayekuja nyuma yangu atapotea. Nilikuwa nachora kwa ajili ya mtu wa nyuma. Na huyo mtu wa nyuma alikuwepo kweli, akatengeneza kila nilichokosea, akafua ushahidi. Kwenye kitabu cha watoto hayupo. Nikiweka penseli chini, ndiyo basi, ndivyo mtoto atakavyoona. Mwalimu wangu alikuwa akitazama kazi iliyokuwa inamsubiri mama yangu.

Kwa hiyo nilianza kufanya zamu zote mbili. Asubuhi nachora kwa penseli kama nilivyozoea, safi, kila kitu kimefungwa, bila ya kujilaumu, maana ndivyo mkono wangu unavyojua. Naiacha. Mchana narudi na kalamu ya wino, najifanya mshonaji ambaye mchoro huu kaletewa na mtoto wa jirani. Pale penye sawa naufuata. Pale pasipo sawa naiacha penseli nakwenda zangu. Wino ukikauka napita na raba, naifua karatasi. Mara za mwanzo nilishindwa vibaya sana. Mkono ulikuwa unairudia penseli wenyewe, kama mtu anayerudi njia ya skuli siku ya likizo. Nilipojilazimisha kuikimbia, nikapata kuku aliyekuwa kama kakanyagwa na gari ya ng'ombe. Nilijaza karatasi nyingi, nyingine nikawashia moto jikoni.

Siku moja mama alipita nyuma yangu amebeba ndoo, akasimama.

"Huyo kuku anakwenda wapi?"

"Haendi. Kasimama."

"Kuku hasimami bure," akasema, akaenda zake.

Nikaacha kuchora, nikakaa uwani na kuku wetu halisi mpaka adhuhuri. Mama ana haki. Kuku akisimama kuna anachokisikiliza, au anamwogopa jogoo, au yuko njiani kugeuka. Shingo inajua kabla ya mguu. Kuku wa alasiri ile, nilipompitia na wino, shingo yake niliiacha wazi upande mmoja, na ikawa anatazama nyuma. Nilimwita mama aje aone. Alikuja akifuta mikono, akatazama, na nikaona midomo yake inajitayarisha kusema "haya."

"Mama," nikamzuia. "Usinambie haya. Kikiwa kibaya, sema kibaya."

"Utalia."

"Nitalia."

Alifikiri. Nadhani kwake halikuwa jambo dogo. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amezoea kunipenda kwa njia moja, na sasa nilikuwa naitaka njia nyingine. "Haya," akasema, kisha akacheka kwa kuwa neno lilimtoka. "Huyu si mbaya."

Siku ya mwisho ya likizo nilizitandika picha zote kumi na mbili juu ya mkeka baada ya chakula cha mchana. Mama alipiga magoti akaanza ya kwanza. Alikwenda polepole, kila moja anaikalia, kama anavyokagua kofia ya mtu kabla ya kuitoa mkononi. Nilikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Ya kwanza akapita. Ya pili, ya tatu. Ya tano alicheka. Alipofika ya saba, pale msichana amechutama anachungulia chini ya kitanda na kuku yuko mgongoni kwake, alikaa zaidi.

"Hii mbaya," akasema.

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kwake juu ya kazi yangu. Niliona linavyofika, nikalisubiri linichome, likanichoma.

"Mbaya wapi?"

"Sijui. Mie si msomi. Mbaya tu. Rudia."

Nikairudia. Adhana ya alasiri ikanikuta bado naichora. Mama alikuwa kando yangu na kofia yake, wala hakunyoosha mkono hata mara moja kuelekea karatasi yangu. Nilipompa, alitikisa kichwa: bado mbaya. Boti ilikuwa asubuhi, na nilikuwa sijapanga nguo. Nikaitia na wenziwe kwenye bahasha.

Mwalimu alizipanga mezani, akazunguka. Alizunguka mara tatu. Kwenye picha ya kwanza aliweka kidole karibu na kuku, bila ya kumgusa, kama anayeogopa asimshtue. "Huyu anataka kukimbia," akasema. Aliuliza mstari wa shingo nimeupataje, nikamweleza habari ya penseli na wino na raba, nikashindwa kumweleza habari ya kofia kwa kuwa ilikuwa ndefu. Akaandika kwenye karatasi yake, akanionesha alichoandika. Nimepita.

Nilitoka darasani nikampigia mama simu.

"Zimepita. Zote kumi na mbili."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaniuliza nimekula. Akaniuliza mwalimu alisemaje, nikamwambia neno kwa neno. Kisha nikawa nasikia kuku wa kwetu nyuma yake.

"Na ile ya saba?"

"Nayo imepita."

"Imepita," akasema mama, "lakini mbaya."

Nilirudi ndani. Mwalimu alikuwa bado anazikusanya. Nikamwomba anirudishie ya saba, akaniuliza ina nini.

"Mbaya," nilimwambia.

Alinitazama, akaitazama, akanipa. Nikavuta kiti palepale mezani kwake, nikaanza upya.